Benchi la Mkabala

Jalada lilikuwa na ukurasa mmoja tu. Aliyepotea: mwanamke, jina halijulikani, umri kati ya miaka sitini na sabini, makazi hayajulikani. Mara ya mwisho kuonekana: Ijumaa iliyopita asubuhi, bustani kuu ya jiji, benchi la pili kutoka kwenye chemchemi. Pembeni, kwa penseli, konstebo wa mapokezi alikuwa ameongeza: mzee mpweke, hakuna kesi. Inspekta alichukua kifutio akayafuta maneno hayo. Hayakuwa maelezo ya shahidi.

Mtoa taarifa alikuwa ameketi mbele ya meza yake, vifungo vyote vya shati vimefungwa, kofia gotini. Alikuwa mpima ardhi mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na mmoja.

“Anaitwa nani?” Inspekta aliuliza.

“Sijui.”

“Anaishi wapi?”

“Sijui. Huingia kwa geti la mashariki saa nne kasorobo, hutoka kwa geti hilohilo saa sita.”

“Unamfahamu tangu lini?”

“Simfahamu, afande. Namwona. Miaka minne sasa, Jumatatu hadi Ijumaa. Yeye benchi lake, mimi langu, njia iko katikati. Mita kumi na moja.”

“Za kukadiria?”

Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa kistaarabu. “Za kupima.”

Konstebo, aliyesimama mlangoni, alikohoa ili asicheke.

“Urefu wake?”

“Mita moja na sentimita hamsini na nane, na viatu. Kuna nguzo ya taa anapopita, ina alama. Kofia ya nyuzi rangi ya udongo. Mfuko wa kitambaa. Huja na mto wake wa kukalia, na kitabu cha maktaba. Kabla ya kukifungua hukigonga gotini mara mbili.”

Inspekta aliandika yote. Katika miaka kumi na saba ya kazi alikuwa amepokea maelezo ya waume waliopotelewa na wake zao na hawakuweza kusema wake hao walivaa nini.

“Watu husafiri, mzee.”

“Husafiri. Katika miaka minne huyu amekosa siku tisa, na hakuna mbili zilizofuatana. Sasa Jumatatu hakuja, Jumanne hakuja, jana hakuja. Leo nilisubiri mpaka saa nne na nusu, ndipo nikaja kwenu.”

“Unaogopa nini hasa?”

Mzee aliigeuza kofia gotini, sehemu ya mbele ikawa ya nyuma. “Kwamba ameanguka ndani kwake. Yuko sakafuni, anasikia watu wakipita nje, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba hajaonekana. Anayejua ni mimi peke yangu. Na mimi sijui mlango wake.”

Mtu aliyevunjika nyonga, asiyefikia maji, anaweza kuishi siku tatu, pengine nne. Inspekta alitazama kalenda. Ilikuwa Alhamisi.

“Wewe nyumbani uko na nani?”

“Peke yangu.”

“Nimwandike nani wa kuarifiwa?”

Mzee alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa hesabu. “Piga mstari tu hapo,” alisema.

Alipotoka, konstebo alisogea. “Afande, huyu kapenda.”

“Kupenda si kosa la jinai. Lete gari.”

*

Bustani ilikuwa katika saa yake nzuri. Wauguzi wawili waliotoka zamu walikuwa wamelala nyasini, viatu vimewekwa kando kwa usafi kama mbele ya mlango. Mwanamume mwenye suti alikuwa akila machungwa juu ya gazeti. Mwanamke alikuwa akitembea kinyumenyume kuzunguka chemchemi, kwa ushauri wa daktari au wake mwenyewe. Watu kama sitini walikuwa ndani ya uzio, na Inspekta alipowahesabu aliona arobaini na mmoja wamekuja peke yao. Hakuna aliyeonekana kuona ajabu.

Benchi la pili lilikuwa tupu. Alipima kwa hatua kutoka hapo hadi benchi la mkabala. Mita kumi na moja.

Mtunza bustani alikuwa mama mnene mwenye mpira wa maji begani. Kila mtu alimwita Mama Mpira.

“Yule bibi wa kitabu?” alisema. “Namjua kwa miguu. Nikimwagilia hapa huinua miguu yote miwili bila kuinua macho. Wengine hupiga kelele kana kwamba nimewamwagia petroli.”

“Wiki hii?”

“Hajaja. Nimemwagilia bila kumzunguka mtu.”

“Aliacha kitu?”

Mama Mpira akaanza kukunja mpira ambao haukuhitaji kukunjwa. Inspekta alingoja. Katika mahojiano, kungoja hakugharimu kitu.

“Sasa afande, kanuni inasema kilichookotwa kipelekwe ofisini siku hiyohiyo. Naijua. Ila Ijumaa ofisi ilifungwa mapema, halafu Jumatatu nilikuwa na magugu.”

Ndani ya stoo, kati ya reki na ndoo, kulikuwa na mto mdogo wa kukalia, kitambaa cha mistari. Upande mmoja ulikuwa na doa pana, jekundu lenye weusi, limekauka.

Konstebo alirudi nyuma nusu hatua. “Damu.”

“Nani aliugusa?” Inspekta aliuliza.

“Mimi. Nimekuwa nikipigia magoti ninapopalilia,” alisema Mama Mpira kwa sauti ya chini. “Magoti yangu si ya ujana.”

Inspekta alinusa doa. Kwenye rafu palikuwa na chupa ya tapentaini ya kuondolea rangi. Alilowesha kona ya kitambaa cheupe, akasugua pembeni ya doa. Kitambaa kikachukua wekundu mara moja, wa kung’aa.

“Damu kavu haitoki kwa tapentaini,” alimwambia konstebo. “Mabenchi yalipakwa rangi lini?”

“Alhamisi jioni,” Mama Mpira alisema. “Niliwaambia waweke kibao. Waliweka kibao kimoja kwa mabenchi yote ishirini na mawili.”

Basi Ijumaa bibi alikaa juu ya rangi isiyokauka vizuri. Hilo lilieleza doa. Halikueleza kwa nini mtu aliyebeba mto huo kila siku kwa miaka minne aliondoka bila kuuchukua.

“Ijumaa uliona nini?”

“Niliona kwamba nimelaumiwa.” Alionyesha mti juu ya benchi la pili. Matawi ya upande wa mashariki yalikuwa yamekatwa, makovu bado meupe. “Waliniagiza nipogoe, nikapogoa. Kivuli kikaondoka. Yule mzee wa mkabala akanitazama mimi na msumeno wangu kana kwamba nimekata mkono wa mtu. Halafu akasimama. Afande, nina miaka sita hapa, sijawahi kumwona akisimama kabla ya saa sita. Akavuka njia. Akaenda kwa bibi.”

“Akafanya nini?”

“Sijui. Nilikuwa juu ya ngazi na msumeno unapiga kelele. Nilipogeuka tena, bibi hakuwepo, na mzee alikuwa amesimama peke yake mbele ya benchi tupu.”

Inspekta alifungua daftari kwenye ukurasa wa asubuhi. Mpima hakutaja kuvuka njia yoyote.

*

Mtu aliyeitwa Fleshi alikuwa na kamera mbili shingoni na kibanda karibu na geti. Maharusi waliotoka kwa msajili wa ndoa Alhamisi na Ijumaa walikuja moja kwa moja kwake. Aliwasimamisha katikati ya njia, chemchemi nyuma yao. Benchi la bibi lilikuwa kushoto, la mzee kulia.

“Hao wawili?” Fleshi alicheka. “Afande, hao ndio adui zangu. Bibi harusi hataki nyuma yake kuwe na mtu anasoma. Namfuta. Na yule mzee namfuta. Kwa kompyuta, dakika tatu kila mmoja. Nimewafuta mpaka vidole vinajua njia.”

“Picha zenyewe, kabla ya kufuta, unazo?”

“Mimi situpi kitu. Mke wangu anasema nitazikwa na diski zangu.”

Walikaa kibandani saa nzima. Fleshi alipitisha picha, Inspekta aliandika tarehe. Picha mia moja na kumi na mbili zilikuwa na bibi kushoto na mzee kulia, na katikati wanandoa waliobadilika. Nyingine zilipigwa wakati wa mvua nyepesi. Bibi alikuwa na mwavuli, mzee hakuwa nao, wote wawili walikuwepo. Inspekta alizipitia mara ya pili kwa kusudi moja. Hakukuwa na picha hata moja ambayo wawili hao walikuwa wakitazamana.

“Ijumaa,” alisema.

Fleshi alifungua mfululizo wa mwisho. Saa iliyoandikwa na kamera: nne na dakika ishirini. Mpima amesimama mbele ya benchi la bibi, kofia mkononi, umbali wa heshima. Bibi ameinua uso. Sekunde kumi na nne baadaye: bibi amesimama, mfuko begani. Sekunde arobaini baadaye: bibi yuko mbali, mgongo wake karibu na geti la mashariki, anatembea bila kuyumba. Mpima yuko palepale, hajasogea hata hatua moja. Katika picha tatu zilizofuata alikuwa bado amesimama hapo, na bwana harusi alikuwa akionekana kukasirika.

“Kuza hiki,” Inspekta alisema, akaonyesha kitabu mkononi mwa bibi.

Kwenye mgongo wa kitabu kulikuwa na karatasi nyeupe, na chini yake utepe wa kijani.

*

Mpima alikuwa amerudi kwenye benchi lake. Inspekta alisimama mbele yake.

“Ulizungumza naye.”

“Nilizungumza.”

“Hukuniambia.”

“Uliniuliza jina lake, makazi, urefu. Hukuniuliza hilo.” Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo na alijua jibu hilo halikuwa kamili: “Niliona aibu.”

“Ulimwambia nini? Maneno yenyewe.”

“Nilisema, ‘Habari za asubuhi, mama. Mti umekatwa. Kuanzia leo jua litafika hapa saa nne na nusu na halitaondoka mpaka saa sita. Upande wangu kuna kivuli. Karibu.’ Nilikuwa nimeyapanga tangu Jumatano, msumeno ulipoletwa. Hayo tu.”

“Alijibu?”

“Alisema, ‘Asante, baba.’ Akaondoka. Mto akauacha. Nilidhani atarudi kuuchukua, ndiyo maana nilibaki nimesimama. Kukaa kungekuwa kama kumzuia.”

Inspekta alilinganisha maneno hayo na saa za picha. Sekunde kumi na nne zilitosha kwa maneno hayo, wala hazikutosha kwa mengine.

“Kwa hiyo mimi ndiye mshukiwa?” mzee aliuliza.

“Ulikuwa. Kwa saa moja hivi.”

“Na yeye?”

“Yeye aliondoka kwa miguu yake. Alichofanya baada ya geti, sijui bado.”

*

Maktaba za jiji zilikuwa saba, na kila tawi lilikuwa na utepe wa rangi yake. Kijani kilikuwa cha tawi la magharibi. Mkutubi, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliweka kiganja juu ya kompyuta kama anayeilinda na baridi.

“Orodha ya wasomaji sitoi. Hata kwa polisi.”

“Sitaki orodha. Namtaka mtu mmoja, na nataka kujua kama yuko hai.” Inspekta aliweka picha mezani.

Mkutubi alitazama, akatoa pumzi. “Huyu? Yuko hai sana. Jumanne alinigombeza dakika kumi kwa sababu kuna mtu alichana ukurasa wa mwisho. Alidhani mimi ndiye nimeuchana.”

“Jumanne ipi?”

“Hii, juzi. Alirudisha kitabu, akaomba nihamishie kadi yake tawi la kaskazini.”

“Amehama nyumba?”

Mkutubi alisita, kisha akasoma skrini bila kuigeuza. “Anwani ni ileile. Dakika tano kwa miguu kutoka hapa. Nilimwambia, mama, kule ni mabasi mawili. Akaniambia nauli si yangu.”

Hapo jalada lingeweza kufungwa. Lakini kanuni ilitaka aliyepotea aonekane kwa macho ya afisa, tena athibitishe mwenyewe kwamba yu salama. Kumgongea mlango ilikuwa njia fupi. Inspekta alipendelea kumwona alikokwenda kwa hiari yake. Mtu hapandi mabasi mawili kufuata vitabu vilevile; hufuata mahali pa kuvisomea. Alitazama ramani iliyotundikwa ukutani. Nyuma ya tawi la kaskazini kulikuwa na kipande kidogo cha kijani, na katikati yake duara la buluu.

*

Lilikuwa bwawa la bata. Kesho yake, Ijumaa, saa nne na dakika tano, bibi mwenye kofia ya udongo alikuwa kwenye benchi la zege kando yake. Alikuwa amekalia gazeti lililokunjwa. Inspekta alionyesha kitambulisho, kisha akampa mto.

Bibi aliugeuza, akaliona doa. “Na sketi pia iliharibika,” alisema. “Mnatuma mainspekta kurudisha mito siku hizi?”

“Uliripotiwa kupotea, mama.”

“Na nani? Mwanangu aliongea nami jana jioni.”

“Na bwana anayekaa mbele yako kule.”

Bibi alifunga kitabu bila kuweka alama ya ukurasa. Bata mmoja alitoka majini, akawatazama, akarudi.

“Alikukosea adabu?” Inspekta aliuliza.

“Hata! Angenikosea adabu ningempa jibu lake papo hapo, na Jumatatu ningerudi kwenye benchi langu.”

“Sasa?”

“Mwanangu, mimi nina mtoto anayenipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimekunywa dawa. Nina jirani anayenigongea ukuta asubuhi, nisipogonga anakuja na ufunguo. Dukani wananifungia mzigo kabla sijafungua mdomo. Pale bustanini palikuwa mahali pekee ambapo nilikuwa na mwenzangu na hakuna aliyenidai neno. Unadhani sikumwona? Mtu akae mita kumi mbele yako miaka minne usimwone?”

“Kumi na moja.”

“Ndiye aliyekwambia hivyo.” Karibu atabasamu. “Alinisalimia vizuri. Tena ana sauti nzuri, sikuitegemea. Nikaona mbele kote. Kesho ananiuliza jina. Mwezi ujao tunakaa benchi moja. Halafu siku moja anaugua, na mimi ndiye wa kupanda ngazi za hospitali na chupa ya chai. Kazi hiyo nimeifanya mara mbili, mwanangu. Wote wawili nimewazika. Wa tatu simuwezi.”

Inspekta aliandika: *yu salama, ana ndugu, ana jirani, aliondoka kwa hiari*. Katika maelezo ya Mpima kila kipimo kilikuwa sahihi. Alichokosea ni nani kati yao wawili angelala sakafuni bila mtu kugonga mlango.

“Alisema nini kule kituoni?”

Maelezo ya shahidi hayasomwi kwa watu. Lakini sehemu ya wajihi ilimhusu bibi mwenyewe, na kanuni ilimruhusu aithibitishe. Inspekta alimsomea: urefu, kofia, mfuko, mto, kitabu kinachogongwa gotini mara mbili.

“Mara mbili?” bibi alisema. “Sikujua.” Alikitazama kitabu mapajani. Kisha akasema, “Mwambie nimeonekana. Mahali usimwambie.”

“Ni haki yako.”

“Najua ni haki yangu. Sikukuuliza.”

*

Mpima alisimama alipomwona Inspekta akitoka upande wa chemchemi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini, na jua lilikuwa limeshika benchi la mkabala lote, kama alivyosema.

“Amepatikana,” Inspekta alisema. “Yu hai, ana afya. Nimemwona mwenyewe. Ni mtu mzima na ameomba mahali alipo pasitajwe.”

Mzee alikaa. Alichukua muda kukaa, kana kwamba benchi limeshushwa.

“Hayuko sakafuni.”

“Hayuko sakafuni. Wala hakuwahi kuwa.”

“Alhamdulillahi.” Alipangusa uso kwa kofia. “Ni kwa sababu yangu?”

“Sababu zake ni zake, mzee. Kanuni hainiruhusu.”

“Hiyo maana yake ndiyo.”

“Hiyo maana yake ni kanuni.”

Fleshi alikuwa amewasimamisha maharusi wawili katikati ya njia. Bwana harusi alikuwa akiambiwa ashushe bega. Mzee aliwangoja wamalize, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayerudia kipimo ili asikosee.

“Mahali siulizi. Huko aliko, mbele yake kuna benchi?”

Inspekta alifikiri kama hilo lilikuwa sehemu ya mahali. Aliamua si sehemu yake.

“Lipo.”

“Lina mtu?”

“Leo halikuwa na mtu.”

“Vizuri,” mzee alisema. Halafu akaongeza, “Sijui kama ni vizuri.”

Hakuuliza kingine. Alivaa kofia, akaweka mikono magotini, akatazama mbele.

Fomu ya kufungia jalada ilihitaji saini, tarehe na saa, na ilipaswa kujazwa papo hapo mtoa taarifa anapoarifiwa. Benchi tupu la karibu lilikuwa lile la mkabala. Rangi yake ilikuwa imekauka kabisa, na hakukuwa na mtu mwingine aliyelitaka. Mzee alikuwa akilitazama.

Inspekta alitoa kalamu, akaijaza fomu akiwa amesimama.